Nilivyolipa Kadha ya Vidonge vya Presha

Siku ya Jumanne, tarehe 18 Oktoba 2022, saa moja na dakika kumi asubuhi, nilimeza vidonge kumi na vitano vya kushusha presha, nikiwa na akili zangu timamu, nimekaa kwenye kiti changu, nyumbani kwangu Ujiji. Sikutaka kufa. Nalitaja hili mapema kwa sababu watu wawili waliokuja kunitazama hospitalini waliniuliza kwa sauti ya chini kama nilikuwa na jambo moyoni. Nililokuwa nalo moyoni lilikuwa kiburi, na kiburi hakina dirisha lake pale hospitalini.

Mume wangu alifariki Ijumaa, tarehe 6 Julai 2001. Tarehe hiyo naijua leo. Wakati ule sikuijua. Nilipokwenda kuandikisha kifo, karani aliniuliza ilikuwa tarehe ngapi, nikamjibu kwamba ilikuwa Ijumaa, watu walipokuwa wakitoka msikitini, na ziwa lilikuwa limechafuka. Karani akaandika tarehe aliyoipenda yeye, na mume wangu akaongezewa siku tatu za kuishi ambazo hakuzipata. Sikuweza kumsahihisha, kwa kuwa sikuweza kusoma alichoandika. Jumatatu, tarehe 3 Februari 2003, nikiwa na umri wa miaka arobaini na minne, niliingia darasa la watu wazima, na tangu hapo hakuna tarehe iliyopita mlangoni kwangu bila kuandikwa. Mtu aliyepata chakula chake saa tisa hula kwa kelele kuliko aliyekula saa sita. Mimi nimekula elimu yangu kwa kelele kubwa, na majirani wote ni mashahidi.

Kliniki ya presha niliianza Jumatano, tarehe 6 Mei 2020. Sisi wa presha ni wa Jumatano, wenzetu wa sukari ni wa Alhamisi, na watu wa Jumatano hujiona bora kidogo kuliko wa Alhamisi, kwa sababu ambayo sijawahi kuisikia ikitajwa. Kila baada ya siku ishirini na nane hukaa kwenye benchi refu nje ya chumba cha Sista, muuguzi mwenye miwani na sauti ya mkutano wa hadhara. Sista huita mgonjwa mmoja mmoja, hupokea pakiti zake za dawa na kuhesabu vidonge vilivyobaki mbele ya watu wote. Aliyebakiza hukaripiwa.

“Hivi vinne ulikuwa unamwekea nani, Mzee? Mjukuu?”

Asiyebakiza hupigiwa makofi. Mimi nilipigiwa makofi kwa miaka miwili na miezi minne mfululizo, hata Sista akaniita monita wa Jumatano. Nilikipokea cheo hicho kana kwamba kimetangazwa redioni. Nikajitwalia nafasi ya mwanzo wa benchi, ambayo hakuna aliyenipa, na kutoka hapo nikawa nikiwauliza wenzangu, wengine wakubwa kwangu kwa miaka kumi: “Shikamoo Mzee. Leo umemeza?” Walinijibu marahaba, lakini kuhusu kumeza walitazama pembeni. Nilidhani wananiheshimu.

Jumatano, tarehe 21 Septemba, nilipewa vidonge ishirini na nane, pakiti mbili zenye kumi na vinne kila moja, vya kunifikisha hadi kliniki ya tarehe 19 Oktoba. Jumapili, tarehe 25, zikaja habari kwamba mke wa kaka yangu amefariki kwetu Kalinzi. Nilikuwa nimekwisha kumeza kidonge cha siku hiyo. Nikafunga gauni moja na kanga mbili, nikapanda pikipiki, nikijua nitalala siku mbili nirudi. Mfuko wa dawa ulibaki Ujiji, ukining'inia kwenye msumari chini ya kalenda. Siku mbili zikawa kumi na nne: matanga, kisha kikao cha ukoo, kisha mvua za kwanza zilizoifanya njia ya mlimani kuwa utelezi mtupu.

Ningeweza kumtuma mtu Ujiji. Ningeweza kwenda zahanati. Lakini jioni ya kwanza tu, wanawake walipokuwa wakichambua maharage ya matanga, niliwatolea hotuba. Niliwaambia kwamba dawa ya presha haingoji uumwe kichwa. Kwamba anayeruka siku moja ameukaribisha ugonjwa sebuleni. Kwamba mtu aliyesoma hujulikana kwa namna anavyomeza dawa zake. Mwanamke mmoja wa makamo, mkulima wa kahawa, akanyanyua uso kutoka kwenye ungo.

“Na wewe dada, unameza?”

“Kila siku iendayo kwa Mungu,” nikamjibu.

Baada ya jibu hilo sikuwa na njia ya kusema kwamba dawa zangu ziko msumarini. Nikakaa Kalinzi siku kumi na nne bila kidonge hata kimoja, nikiendelea kuhubiri. Na kwa kuwa sikuumwa popote, nikaanza kuamini kwamba hotuba yenyewe ilikuwa ikinitibu.

Nilirudi nyumbani Jumapili, tarehe 9 Oktoba, jioni. Kesho yake asubuhi nikaendelea na kidonge kimoja kimoja kama kawaida, wala sikuwaza zaidi. Jumanne ya tarehe 18, siku moja kabla ya kliniki, ndipo nilipouteremsha mfuko, nikazitandaza pakiti mezani na kuhesabu. Vilibaki kumi na sita. Kimoja cha siku ile, kimoja cha kesho, na kumi na vinne ambavyo havikuwa na mahali pa kwenda. Nilihesabu tena nikiwa nimevaa miwani. Miwani haikupunguza hata kimoja.

Nikaliona benchi lote. Nikamwona Sista akiinua pakiti nzima juu ya kichwa chake, na wale wazee niliowahoji kwa miaka miwili wakinyoosha shingo. Kuvitupa ziwani niliona haya mbele ya Mungu: dawa ni amana, na kuitupa kisha kusema nimeimeza ni uongo wa wazi. Mimi ni mwanamke wa dini. Ndipo likanijia wazo ambalo wakati ule, naapa, lilikuwa na sura ya elimu.

Mwislamu aliyekosa kufunga Ramadhani kwa sababu ya safari huzilipa siku zake baadaye, siku kwa siku, na malipo hayo ndiyo kadha. Katika maisha yangu sijawahi kuingia Ramadhani nikiwa sijamaliza kadha ya mwaka uliotangulia. Nikajisemea: nilikuwa safarini. Siku nilizokosa nazijua kwa tarehe zake. Basi nitazilipa, na kesho nitamwambia Sista kwamba vidonge vyote nimevimeza, na itakuwa kweli tupu.

Tofauti moja ndogo ilinipita. Siku kumi na nne za saumu haziwezi kulipwa kwa asubuhi moja, kwa sababu jua halichwi mara kumi na nne kwa siku. Koo la mwanadamu halina kizuizi cha namna hiyo.

Nilimimina uji kwenye bakuli. Nikachukua kidonge cha kwanza, nikatia nia kwa sauti, kama inavyostahili: “Hiki ni cha Jumatatu, tarehe 26 Septemba.” Nikameza. “Hiki ni cha Jumanne, tarehe 27.” Nikameza. Nilipofika tarehe 3 Oktoba uji uliniishia, nikaongeza. Sikuruka tarehe wala sikurudia. Cha kumi na tano kilikuwa cha siku yenyewe. Nikazitazama pakiti: vitundu ishirini na saba vitupu, na kidonge kimoja kimebaki kwa ajili ya kesho. Hesabu ilikuwa safi kabisa. Nikamshukuru Mungu kwa kunipeleka shule.

Ninaishi na wifi yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, ambaye alihamia kwangu mwaka 2009. Yeye hakusoma, wala hajutii, na kila nilipojaribu kumfundisha herufi alinijibu kwamba nyumba moja haihitaji maspika wawili. Saa nne asubuhi alikuwa uani akichagua dagaa aliotaka kuwaanika, nami nimekaa kando yake, nikimsomea tarehe ya mwisho ya matumizi kwenye pakiti ya chumvi, jambo ambalo hakuniomba.

“Wifi,” akasema bila kuinua kichwa, “mbona leo unasoma kwa kukokota? Chumvi imeandikwa Kichina?”

“Herufi zinacheza.”

“Zinacheza? Basi zipigie vigelegele.”

Nilisimama ili nimjibu nikiwa wima. Jibu lilikuwa zuri, nalikumbuka hivyo ingawa silikumbuki lenyewe, kwa maana halikutoka. Ukuta wa ua uliinama, mbingu ikaingia giza kutoka pembeni kuja katikati, na nilipopata fahamu nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya turubai la dagaa.

“Mungu wangu, dagaa wangu!” Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyoyasikia. Wifi ameyakana hadi leo.

Kisha akanishika mkono, na sauti yake ikabadilika. Mkono wangu ulikuwa wa baridi kama samaki wake. Akaita bajaji. Nikamwambia aniache nipumzike, kwamba ni njaa tu, na kwamba sina nafasi ya kwenda hospitali leo kwa sababu kesho nina kliniki.

“Kesho,” alisema akinifunga kanga kiunoni kama mtoto, “utakwenda kliniki kwa miguu yako, au utapelekwa na watu wanne. Chagua.” Akaingia ndani, akachukua mfuko wa dawa uliokuwa msumarini, akaufutika kifuani.

Tulipopita Rusimbi niliona maduka yakienda upande mmoja na vivuli vyake upande mwingine. Tulifika hospitalini saa tano kasorobo. Daktari alikuwa binti mdogo, labda wa miaka ishirini na saba, mwenye viatu vya raba na macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Akanifunga mashine mkononi, akaitazama, akaifunga upya, akaitazama tena.

“Sitini na nane kwa thelathini na nne,” akamwambia muuguzi.

Lazima nikiri kwamba nilitabasamu. Kwa mgonjwa wa Jumatano namba ndogo ni sifa, na mimi katika maisha yangu sikuwahi kushuka chini ya mia na thelathini. Nilitaka kumwuliza kama ataiandika kwenye kadi.

“Bibi, umemeza dawa gani leo?”

“Dawa yangu ya presha ya kila siku.”

“Umemeza vidonge vingapi?”

Hapa ndipo ningeweza kuokoka kwa urahisi. “Kwa kila siku, kimoja,” nilimjibu. Nimelichunguza jibu hilo mara nyingi tangu wakati huo, na bado naliona kuwa limejengwa vizuri. Kila neno lililomo ni la kweli.

Daktari akaniwekea dripu mbili, moja kila mkono, na maji yakaingia kwa kasi. Presha haikupanda. Akauliza kama nimeharisha, kama nimetapika, kama nimetokwa na damu. Hapana, hapana, hapana. Akaweka chombo kifuani, akasikiliza moyo uliokuwa ukienda mbio bila kufika. Akamgeukia wifi.

“Mama, mmekuja na dawa zake?”

Wifi akautoa mfuko. Daktari akazitandaza zile pakiti mbili kitandani, akahesabu vitundu kwa ncha ya kalamu, akasoma tarehe kwenye kadi yangu, akahesabu tena. “Alipewa ishirini na nane tarehe ishirini na moja Septemba. Leo ni tarehe kumi na nane. Kimebaki kimoja cha kesho.” Akashusha pumzi. “Iko sawasawa. Si dawa.”

Nilimsikia akisema hivyo, na kwa mara ya kwanza hofu ikanishika. Nilikuwa nimeitengeneza hesabu isiwe na kosa, na sasa hapakuwa na kosa la kumwonyesha daktari mahali pa kutazama. Alianza kuzungumza na muuguzi juu ya damu kuvujia tumboni na juu ya maambukizi. Alikuwa mwerevu, na alikuwa akiondoka kwenye ukweli hatua kwa hatua, akiongozwa na hesabu yangu.

Kisha akamwita Sista kutoka kliniki, aje aeleze habari zangu. Sista alikuja mbio, akanishika mguu kwa huruma.

“Huyu? Daktari, huyu usimfikirie kabisa. Huyu ni monita wetu. Tangu ameanza hajabakiza hata kidonge kimoja. Wangekuwa wote hivi, mimi ningekuwa nimenenepa.”

Sijawahi kusifiwa vile mbele ya daktari, wala sijawahi kuumia vile kwa sifa. Mashine ikalia. Mtu akasema sitini. Midomo yangu ilikuwa imekufa ganzi, na nikatambua, kwa utaratibu ule ule ninaoandikia tarehe, kwamba mwanamke huyu mnyofu alikuwa akinisindikiza kaburini kwa makofi.

Wifi akainama hadi mdomo wake ukagusa sikio langu. Alinukia dagaa.

“Wifi. Ulipokuwa Kalinzi, huu mfuko ulikuwa msumarini. Siku kumi na nne nilikuwa naupangusa vumbi.” Akanifuta jasho usoni. “Mimi sijui kusoma pakiti. Lakini jana jioni nilipoushika ulikuwa mzito, na leo ni mwepesi. Utasema wewe, au niseme mimi?”

Ningependa kuandika kwamba nilisema kwa ujasiri. Nilichowaza kwanza ni kwamba alijua siku zote hizo na hakunisema. Na cha pili, kwamba Sista bado alikuwa amenishika mguu.

“Mtoe Sista nje kwanza,” nikanong'ona.

“Hatoki mtu!” wifi akasema kwa sauti iliyosikika hadi dirisha la dawa. “Ufe kwa ajili ya benchi? Sema!”

Basi nikasema. “Daktari, ni kumi na vitano.”

“Kumi na vitano nini, Bibi?”

“Vidonge. Leo asubuhi. Saa moja na dakika kumi. Kumi na vinne vilikuwa vya kuanzia tarehe ishirini na sita Septemba hadi tarehe tisa Oktoba. Kimoja cha leo.” Na kwa kuwa alinitazama bila kuelewa, nikaongeza: “Nilikuwa nalipa kadha.”

Muuguzi wa kiume aliyekuwa akifunga dripu, Mkristo wa Kasulu kwa jinsi alivyoongea, akamwuliza wifi kadha ni nini. Wifi akamjibu, “Ni dini. Lakini si hivi.” Sista akauachia mguu wangu.

Daktari hakunikaripia, hilo namshukuru. Alianza kutoa amri kwa upole na haraka, kama mtu aliyeonyeshwa mlango katika chumba chenye giza. Aliuliza saa mara mbili na kuiandika. Akasema kama ningefika ndani ya saa ya kwanza wangeninywesha mkaa wa dawa, uvibebe vidonge tumboni. Sasa vimeshaingia kwenye damu. Nikashukuru kimoyomoyo kwa kuchelewa, nisije nikaonekana na midomo myeusi, ushahidi kwamba kiburi kilikuwa bado hakijafa. Wakanichoma dawa ya kalsiamu polepole kwenye mshipa, wakitazama moyo, nami nikahisi joto limenipanda usoni. Wakaniwekea dawa nyingine iingie tone kwa tone, ya kuibana mishipa iliyolegea. Kisha muuguzi akaja na bomba dogo la sindano na chupa ninayoifahamu.

“Hiyo ni insulini,” nikasema.

“Ndiyo, Bibi.”

“Mwanangu, umekosea mgonjwa. Mimi ni wa Jumatano. Wa sukari ni Alhamisi.”

Naapa nilisema hivyo, nikiwa na presha ya mtu anayesubiriwa na sanda. Hata niliuvuta mkono. Daktari akaja, akachuchumaa ili uso wake uwe sawa na wangu.

“Bibi, nisikilize. Dawa uliyomeza imeulegeza mwili wote, na moyo wako una njaa. Sukari ipo kwenye damu, imejaa, lakini haiingii. Insulini itaufungulia moyo mlango. Na tutakupa sukari pamoja nayo, ili isishuke sana. Tutakutoboa kidole kila baada ya nusu saa. Umenielewa?”

“Nimeelewa. Kipimo chake ni kiasi gani?”

“Kikubwa. Kuliko wa Alhamisi wote.”

Hilo, sijui kwa nini, lilinituliza. Nikampa mkono.

Siku iliyobaki naikumbuka vipande vipande. Vidole vyangu kumi vilitobolewa kwa zamu mpaka nikaanza kuvipangia ratiba, na nilipomwambia muuguzi kwamba cha pete cha kushoto kimetobolewa mara mbili mfululizo aliniomba radhi. Wifi alikaa kwenye stuli. Kila daktari alipotaja namba mpya, yeye aliniuliza: “Imepanda?” nami nikamtafsiria. Sabini na mbili. Sabini. Sabini na nane. Safari hiyo nilimsomea kitu alichokuwa ameniomba.

“Kwa nini hukunisema?” nikamwuliza wakati mmoja. “Uliujua mfuko uko pale.”

“Ulirudi kutoka Kalinzi ukanisimulia saa nzima jinsi ulivyowafundisha watu kumeza dawa,” alisema. “Nilikuwa nangoja upumue nikuulize. Hukupumua.”

Alhamisi, tarehe 20 Oktoba, saa tano asubuhi, presha ilisoma mia na nane kwa sitini na sita bila msaada wa dripu ya kubana mishipa. Daktari alikuja mwenyewe kuniambia. Akavuta stuli, akafungua jalada langu, na akaniomba nimsimulie upya, taratibu, kwa sababu alitaka kuandika vizuri. Nilimsimulia, naye akaandika. Alipomaliza akanigeuzia karatasi.

“Soma uone kama nimekosea.”

Nilisoma. Aliandika kwamba mgonjwa alimeza dozi kumi na nne alizozikosa pamoja na dozi ya siku hiyo, ili asionekane kliniki kuwa amekosa. Hakuandika kwamba ni mjinga, wala kwamba alikuwa monita. Tarehe zote zilikuwa sahihi. Nilitamani kumwonyesha kosa, hata nukta tu, nikakosa.

“Bibi, dozi iliyopita imepita,” akasema. “Ukisahau leo, kesho unameza ya kesho. Hailipwi. Ukikosa siku nyingi, unakuja kutuambia, tunaanza upya pamoja. Sasa niambie wewe: ukikosa siku mbili utafanyaje?”

“Nitameza kimoja.”

“Na vile viwili?”

Nikamrudishia karatasi yake. “Nitavileta,” nikasema.

Niliruhusiwa Jumatatu, tarehe 24 Oktoba, nikatakiwa kurudi kliniki Jumatano, tarehe 2 Novemba. Siku tisa hizo nilitafuta kila sababu ya kutokwenda. Nilimwambia wifi kwamba nitahamia kliniki nyingine, nikataja ya Bangwe, ambayo wala sijui kama ipo. Akaniambia hata huko wana benchi.

Nikaenda. Nikakaa mwisho wa benchi, karibu na ndoo ya maji. Habari zilikuwa zimefika kabla yangu, kwa sababu watu walinisalimia kwa upole wa matanga. Sista alianza kuita. Alipofika kwangu hakunyoosha mkono kupokea pakiti. Alisimama mlangoni akivua miwani na kuivaa.

“Dada,” akasema, na sauti yake ya mkutano haikuwepo, “ulishindwa nini kuniambia?”

Nilikuwa nimeandaa maneno. Niliyaandika, na karatasi ilikuwa kwenye mkoba. Badala yake nikawaeleza wote, nikiwa nimesimama, kuanzia msumari hadi insulini. Sikuacha maharage ya Kalinzi, wala kutia nia kwenye kila kidonge. Pale penye tarehe 3 Oktoba na uji kuniishia, mama mmoja alicheka hadi akajifunika mtandio usoni, na wengine wakamfuata. Nami, baada ya kujaribu kubaki na hadhi yangu kwa kama nusu dakika, nikacheka pia.

Kicheko kilipopungua, mzee mmoja mvuvi, niliyekuwa nikimhoji kila mwezi kutoka mwanzo wa benchi, akakohoa.

“Mimi zangu huwa naziachia ziwani,” akasema. “Zikibaki. Siku ya Jumanne.”

“Mzee!” Sista akasema.

“Mimi nampa jirani,” akasema mama wa mtandio. “Naye ana presha. Anashukuru sana.”

Mwingine alizifukia chini ya mgomba. Mwingine alizibandua na kuzihifadhi kwenye kopo, akidhani ipo siku zitahitajika. Walisema mmoja baada ya mwingine, bila kuitwa, na kila aliyesema alikaa vizuri zaidi kwenye benchi. Kati ya watu kumi na tisa waliokuwepo, niliowapigia makofi na walionipigia, sikumsikia hata mmoja aliyevimeza vyote.

Sista aliketi kwenye ukingo wa benchi, mahali ambapo hakuwahi kuketi. Kadi zetu zilikuwa mapajani mwake.

“Kwa hiyo miaka yote hii,” akauliza, “mimi nilikuwa nahesabu nini?”

Sote tulimpenda. Mzee mvuvi ndiye aliyesogea kumpisha akae vizuri.

“Vitundu, mwanangu,” akasema. “Lakini ulivihesabu vizuri.”